Mwizi wa Kuku Wetu Wenyewe

Waliokuwepo siku ile nitawataja kwanza, maana kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na watu ambao hawakuwepo. Alikuwepo mwalimu mkuu, amevaa suti yake ya pekee ya kahawia. Alikuwepo Mwalimu Nkwabi wa michezo, filimbi ya chuma ikining'inia shingoni. Alikuwepo Bwana Sayi, mnunuzi wa pamba, mgeni rasmi, pamoja na mwanawe Masanja aliyekuwa akimaliza darasa la saba. Alikuwepo Ng'wana Kija, mama mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani, ambaye ndiye aliyesimamia jiko. Alikuwepo mdogo wangu Jilala, naye akimaliza shule. Alikuwepo Limi, kitinda mimba wetu, wa miaka sita, ndani ya gauni la mtumba lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwepo mimi, Minza, wa kwanza kuzaliwa kati yetu watatu. Wengine walikuwa wazazi na watoto wa kijiji, na hao siwezi kuwamaliza.

Huwa wananijia wote kwa pamoja kila mwaka msimu wa pamba unapokwisha, watu wanapong'oa miti yake na kuichoma. Moshi wa miti ya pamba ni mkali na mkavu, unaingia kwenye nywele na kwenye khanga, ukifua mara ya kwanza hautoki. Siku ile tulipikia miti hiyo hiyo. Nikiusikia moshi ule sasa, hata nikiwa natembea barabarani na mawazo yangu mengine, macho hunitoka machozi kabla haujanifikia.

Kijiji chetu kiko kati ya Bariadi na Lagangabilili, mahali ambapo ukisimama kwenye kichuguu unaona mashamba mpaka macho yachoke. Baba alikufa kwanza. Mama alimfuata baada ya misimu miwili ya mvua. Ndugu wa baba walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja aende Mwandoya, mmoja Mkula, mdogo abaki na bibi mmoja wa kijijini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama mlangoni, nikawaambia kwamba hatugawanyiki. Walicheka kidogo, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na nadhani wengine walishukuru.

Jilala nami tulikuwa darasa moja, ingawa nilimzidi miaka miwili. Kwetu ilikuwa kawaida mtoto wa kwanza kusubirishwa nyumbani mpaka anayemfuata aweze kutembea safari ya shule, wakaandikishwa pamoja, ili mkubwa amshike mkono mdogo. Kwa hiyo nilianza darasa la kwanza nikiwa mrefu kuliko wote, na nilikaa dawati moja na mdogo wangu hadi darasa la tano. Mama alipofariki, mmoja wetu alitakiwa kubaki nyumbani na Limi, na shamba, na maji. Hatukulijadili. Jumatatu moja Jilala alichukua madaftari yake akaenda, mimi nikachukua jembe. Alipofika kwenye kona ya mikatani aligeuka, akanitazama. Nikampungia mkono aende, atachelewa.

Miaka ile neno la soko huria lilikuwa jipya midomoni. Zamani pamba ilipelekwa kwenye ushirika, mtu akapewa karatasi na kuambiwa asubiri. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na magari yao, na aliyekuwa na pamba nyingi alionekana upesi. Lakini na shule nayo ilianza kudai. Chaki mchango, dawati mchango, mlinzi mchango. Ilipofika sherehe ya kuwaaga darasa la saba, tangazo lilisomwa mstarini kwamba kila mhitimu alete mchele au kuku, na asiyeleta hatakaa kwenye viti vya mbele wala kushiriki michezo.

Mchele hatukuwa nao. Kuku tulikuwa naye mmoja, kishingo, mwekundu wa kukolea, shingo tupu kama ya mzee aliyevua shali. Alikuwa wa mwisho katika uzao wa kuku wa mama. Mayai yake ndiyo yaliyotupatia mafuta ya taa, sabuni, na kalamu ya Jilala. Usiku alilala chini ya kitanda chetu, na asubuhi, kabla hajatoka, alikuwa akisubiri nigonge ungo. Mama ndiye aliyewazoesha hivyo kuku wake: unapiga ukingo wa ungo kwa kucha, mara tatu za haraka, kisha unamwaga pumba. Kila nyumba kwetu ina mwito wake. Wengine huita kwa mdomo, wengine hupiga sufuria, na kuku wa nyumba moja hamjibu mtu wa nyumba nyingine.

"Dada, tusimtoe," Jilala aliniambia. "Mimi nitakaa nyuma. Sherehe ni ya siku moja."

"Utakaa mbele," nikamjibu. "Darasa lile ni letu sote wawili. Mmoja wetu atakaa mbele."

Nikamfunga kuku miguu kwa kitambaa, nikampeleka mwenyewe.

Siku ya sherehe niliitwa jikoni. Wasichana ambao hawakuwa shule ndio waliochambua mchele na kuchochea moto, na mimi sikuwa shule. Jiko lilikuwa mafiga matatu makubwa pembeni mwa uwanja, nyuma ya goli, kwa hiyo niliona kila kitu. Wenzangu wa darasa walipita na soksi nyeupe. Baadhi walinisalimia. Baadhi walitazama masufuria, wakapita. Nilikuwa nimejifunga khanga ya mama, usoni nina majivu, na nilitamani moshi uzidi ili nisionekane vizuri.

Nisiwadanganye, michezo ilikuwa mizuri. Mwalimu Nkwabi alikuwa na kipaji cha kuwachekesha watu bila kucheka mwenyewe. Kwanza alileta mbio za magunia, na magunia yalikuwa ya pamba, kwa hiyo kila aliyeanguka aliinuka na ndevu nyeupe. Msichana mmoja mnene alishinda kwa sababu alianguka mapema akabingirika mpaka kwenye mstari. Walimu walikimbizana na ndimu kwenye vijiko, mwalimu mkuu akabana ya kwake kwa kidole gumba akidhani hatumwoni, watoto wakapiga kelele, "Gundi! Gundi!" Halafu wakacheza viti, redio kaseti ya Bwana Sayi ikipigwa na kuzimwa, ingawa viti vyenyewe vilikuwa mabenchi ya kanisa, na benchi moja liliwakubali watu sita na kumwangusha wa saba. Nilicheka mpaka nikasahau kuchochea.

"Minza!" Ng'wana Kija akanishtua. "Wali haupikwi kwa meno. Chochea."

"Ndiyo, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita akina mama kwetu.

"Ukifanya kazi vizuri ukoko wote wa sufuria hii ni wako, umpelekee yule mdogo wako. Naona anakula harufu tangu asubuhi."

Limi alikuwa amekaa karibu na sufuria, amekumbatia bakuli tupu. Ukoko wa wali wa nyama. Kwetu kitu hicho kilionekana Krismasi, tena si kila Krismasi.

Hapo ndipo Mwalimu Nkwabi alipotangaza mchezo wa kukimbiza kuku. Wavulana kumi wa darasa la saba wataingia kwenye duara la watu. Kuku ataachiliwa katikati. Ni mikono tu, hakuna fimbo, hakuna chambo, na aliye nje asiwasaidie walio ndani. Atakayemkamata ataondoka naye.

Bwana Sayi alisimama, miwani nyeusi usoni, akaomba aseme neno. "Wazazi wangu, mchezo huu ndio soko huria lenyewe. Mwenye mbio ndiye mwenye kuku!" Watu wakampigia makofi. Masanja, mwanawe, akavua viatu vipya, akampa mtu amshikie.

Kisha wakamleta kuku. Nilikuwa najua kwamba wengine wote walishachinjwa asubuhi, niliwanyonyoa kwa mikono yangu, na kati yao sikumkuta wa kwetu. Nilidhani amechinjwa kwenye jiko la walimu. Lakini mvulana aliyetoka stoo alikuwa amembeba kishingo, mwekundu, macho yamemtoka. Walimbakiza kwa sababu alikuwa mwepesi.

Nilimtazama Jilala. Alikuwa ndani ya duara, wa pili kutoka upande wetu, na yeye akanitazama. Sidhani kama kuna mtu mwingine uwanjani aliyeelewa. Kuku wetu angeweza kurudi nyumbani. Kwa haki kabisa, kwa miguu ya Jilala, mbele ya watu wote.

Filimbi ikalia. Kuku yule aliwatesa. Alipita katikati ya miguu, akaruka bega la mtu, akawafanya wawili wagongane vichwa hadi wakakaa chini wakitazamana. Watu walicheka wakishika mbavu. Lakini Masanja alikuwa na mbio na alikuwa ameshiba, na wenzake walipoanza kuhema yeye bado. Mara mbili alimgusa mkia. Mara ya tatu alibaki na manyoya mkononi, akayainua juu, baba yake akapiga kelele, "Hapo hapo! Mbane!" Kuku alikuwa amechoka. Alisimama upande wa mbali, mdomo wazi, mabawa yameshuka, na Masanja alikuwa akimjia taratibu, ameinama. Jilala alikuwa huku kwetu. Asingemfikia.

Ungo wa mchele ulikuwa mapajani mwangu. Niligonga ukingo wake kwa kucha, mara tatu.

Sikuamua. Au niliamua, sijui. Nimejiuliza miaka yote hii. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, chini ya kelele za watu wote wale. Lakini kuku aliinua shingo yake tupu, akageuka, akakimbia moja kwa moja, akapita chini ya mkono wa Masanja, akavuka duara lote kuja upande wetu, mbio za kuku anayekwenda kula. Jilala aliinama tu akamchukua. Kuku hakupiga hata bawa. Alitulia kwapani mwake kama alivyokuwa akitulia kila jioni.

Makofi yalilipuka. Nilisimama nami, mchele kidogo ukamwagika. Furaha ile ilichukua muda wa mtu kunywa maji.

"Kaitwa!" Masanja alikuwa akipiga kelele. "Mwalimu, kuna mtu kamwita! Nimesikia! Kuku wao huyo, ndiye waliyemtoa mchango!"

"Kweli," mama mmoja akasema kwenye umati. "Kishingo yule ni wa wale yatima."

"Ehee! Wametoa kwa mkono huu, wanachukua kwa huu!"

Mwalimu Nkwabi hakutaka ugomvi. Angepiga filimbi mchezo ukaendelea, naamini hivyo. Lakini Bwana Sayi alikuwa ameshavua miwani, na yeye ndiye aliyetoa soda, na magunia, na redio. "Mwalimu," alisema, "kanuni ulisoma mwenyewe. Kama mtu kaita, huo si ushindi. Huo ni wizi wa mchango wa shule."

Mwalimu mkuu akaja katikati na suti yake. "Nani kaita?"

Jilala aligeuza kichwa polepole, akanitazama. Ndugu zangu, nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Nilikuwa na ungo mikononi. Ningeweza kusema, ni mimi, shikamoo mwalimu, nisamehe, na nadhani watu wangecheka, mpishi kaingilia mchezo, na Mwalimu Nkwabi angerudisha kuku katikati mchezo ukaanza upya. Ng'wana Kija alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliwaza ukoko wa Limi. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia kwa miaka mingi, na inasikika vizuri. Sababu nyingine ni kwamba darasa langu lote lilikuwa limegeuka kutazama upande wa jikoni, soksi nyeupe zote zile, nami sikutaka jambo la kwanza kutoka kinywani mwangu mbele yao baada ya miaka miwili liwe hilo. Niliinamisha kichwa nikaanza kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Mimi," nikasikia Jilala akisema. "Nimemwita kwa mdomo."

"Umeitaje?"

Akajaribu kutoa sauti, mlio wa uongo aliobuni pale pale. Watu waliangua kicheko. Kuku mwenyewe hata hakugeuka. Mtu mwenye nia ya kuona angeona.

Mwalimu mkuu alimwamuru apige magoti ampe mgeni rasmi kuku kwa mikono miwili. Alipiga. Bwana Sayi alimpokea kwa mkono mmoja, akamshika miguu, kichwa chini, akampa dereva. Kisha Jilala akatolewa kwenye michezo iliyobaki, na iliyobaki ilikuwa kuvuta kamba, Wagika kwa Wagalu, kama wazee wetu walivyojigawa kwenye ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa amepangwa kukaa mwisho wa kamba, kujifunga kiunoni, maana alikuwa na miguu ya kushika ardhi. Upande wake ukavutwa kama mkokoteni. Walipoinuka na vumbi lao walimtafuta wa kumlaumu, wakamkuta amekaa peke yake kwenye mzizi, na ndipo wimbo ulipoanzia. Jilala Kuku, Jilala Kuku. Watoto wadogo waliucheza mpaka jua likazama.

Ukoko tulipewa. Limi alikula, akalamba vidole, akalala mgongoni mwangu njia nzima. Jilala alitembea mbele. Nilitaka aseme kitu ili nami niseme. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Wali ulikuwa mzuri, dada. Watu waliusifia." Hakuna kingine alichosema juu ya sherehe ile, siku ile wala nyingine.

Nilidhani anaogopa. Baadaye nikadhani ananidharau. Nilikuwa mtu mzima, Limi ameshaolewa, nilipoelewa, tena kwa jambo dogo tu. Tulikuwa tunapalilia, Jilala akasimama kunywa maji, akasema kama anayeongea na jembe kwamba asubuhi ile ya Jumatatu, kwenye kona ya mikatani, alikuwa amegeuka ili aniambie niende mimi. Neno lilimshinda, na mimi nikampungia mkono. "Nilikuchukulia dawati lako," alisema. Nikamwambia aache upuuzi, tupalilie.

Kumbe alikuwa analipa. Mtoto wa miaka kumi na miwili alidhani kwamba kusoma kwake ni kitu alichoninyang'anya, na siku ile ya kuku aliona amepata nafasi ya kukirudisha. Nami nikayapokea malipo ya deni ambalo halikuwepo, nikatengeneza la kweli.

Jina lilibaki. Hakufaulu kwenda sekondari, mwaka ule hakufaulu hata mmoja, lakini wengine walirudi nyumbani na majina yao. Yeye alipokwenda kuposa mara ya kwanza, upande wa binti ulituma mtu kuulizia, na aliyeulizia alirudi akicheka. Alioa baadaye, mbali, kwa watu wasiotujua. Ni mkulima mzuri. Sijawahi kumwona akiokota hata kibuyu kilichoanguka njiani bila kuuliza ni cha nani.

Mwaka juzi wakulima wa kijiji walikutana kuchagua mtu wa kusimama kwenye mizani ya pamba. Kazi ile inataka mtu mmoja tu wa kuaminika, maana jicho likipinda kidogo, jasho la mwaka mzima la mwenzako linapungua. Kijana mmoja alisimama akamtaja Jilala. Watu wakaanza kuitikia, vizuri kabisa. Ndipo Masanja, ambaye naye sasa ana mvi, akasema kutoka alikokaa, kwa utani tu, wala hakuwa na ubaya, "Jilala Kuku? Jamani, tukimpa mizani si ataita na pamba imfuate!"

Mkutano mzima ulicheka. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa walicheka. Jilala naye alicheka, akainua mkono, akasema wachague mwingine, yeye ana kazi nyingi. Wakachagua mwingine.

Nilikuwa mstari wa tatu, upande wa akina mama. Nilihisi miguu yangu ikijikusanya kuinuka, nikasikia sauti yangu ikijipanga kooni. Jirani akaniomba nisogee kidogo apite. Nikasogea. Aliponipita, mwenyekiti alikuwa ameshaingia kwenye ajenda nyingine.

Nimewaambieni ninyi, na najua hilo halihesabiki. Ninyi hamkumcheka. Wanaopaswa kusikia wako hapa hapa, nakutana nao kisimani, gulioni na kanisani, na wengi wao hunisimamisha njiani wanionyeshe kwa watoto wao. "Msalimieni mama huyu," husema. "Huyu aliwalea wadogo zake peke yake, hakumwacha hata mmoja."

Watoto hupiga magoti, husema, "Mwadila, mayu."

Nami huitikia, nikapita.